Mwaka Nilioona Haya ya Kula

Mwezi uliopita, katika wodi ya upasuaji huko Westmead, Australia, muuguzi alinigusa bega akaniomba nimwulize Mama Zawadi kama ameshajamba. Alisema kwa maneno ya kistaarabu ya Kiingereza, akitabasamu, huku akiandika kwenye kompyuta yake ya magurudumu, kana kwamba ananiomba nimwulize kama anataka mto wa pili. Mkalimani wa simu hakupatikana, na bintiye, Zawadi, alikuwa shuleni. Mimi nilipita tu kumjulia hali wakati wa chakula cha mchana, kitambulisho cha maabara bado kikiwa shingoni. Nikasimama kando ya kitanda cha mwanamke anayeweza kunizaa, ambaye namwamkia shikamoo kila nikimwona ingawa kwao Bukavu hawana desturi hiyo, na nikaanza kutafuta neno. Neno lenyewe nilikuwa nalo, hata mtoto wa chekechea analo. Lakini nilipita kwanza kwenye "upepo", nikafikiria kama watu wa pwani wana namna ya adabu zaidi ambayo sisi wa Tukuyu hatukufundishwa, nikafikiria pia kama Wakongo hulisema kwa Kifaransa, mpaka muuguzi akaacha kuandika na kunitazama.

"Mama," nikasema huku nikiangalia jagi la maji, "wanauliza kama njia imefunguka."

"Njia gani?"

"Ya hewa."

"Minapumua muzuri."

"Siyo hiyo ya juu, Mama."

Alinikazia macho, kisha akaelewa, kisha akaanza kucheka huku ameshika mshono kwa mikono miwili na kunilaumu kwamba nitampasua. "Gwakisa! Weye! Ulikaa kwangu mwaka muzima, na leo bado unaona haya ya tumbo?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Muuguzi akataka kujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. "Mwambie bado," akasema Mama Zawadi akifuta machozi, "na banipe chakula, njaa inaniuma." Lakini chakula hakikuweza kuja kabla ya hewa, na hilo pia ilinibidi nimweleze. Nilirudi kazini masikio yakiniwaka. Kazi yangu siku hizi ni kuchunguza vinyesi vya watu nisiowajua, ninavifungua asubuhi hadi jioni bila kukunja uso, lakini neno moja kuhusu tumbo la mtu ninayemheshimu lilinishinda. Nikaanza kuukumbuka ule mwaka nilioishi nyumbani kwake, ambao huwa naukumbuka kwa vipande tu, kwa sababu nikiukumbuka wote natamani kujifunika uso.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia, nina viza ya wahitimu na sina kazi. Wenzangu niliokuwa nikipanga nao walitawanyika, kila mmoja akaenda kwa ndugu zake au kwao, na mimi nikabaki na sanduku moja na kompyuta. Dada mmoja Mkenya wa kanisani, muuguzi, ndiye aliyenichukua kwenye gari lake hadi Auburn. "Wee usijali," aliniambia njiani, "huyo mama ni poa sana. Hata hatakuuliza unatoka lini." Mimi nikaanza kujali kuanzia hapo hapo. Mtu asipokuuliza utaondoka lini, nilifikiri, ina maana anatarajia ujiulize mwenyewe, na nilijiuliza kila siku.

Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, juu ya ngazi, karibu na reli. Ukifungua mlango uko sebuleni, na shughuli zote zilikuwa hapo: makochi ya kahawia yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, televisheni isiyozimwa, meza ya kulia iliyosukumwa ukutani. Dirisha la jikoni lilitazama mgongo wa duka la mkate la Waturuki, na kila asubuhi harufu ya mkate ilipanda hadi kwetu. Mimi nilipewa kibaraza cha nyuma kilichozibwa kwa vioo, chenye godoro zuri na pazia jipya ambalo Mama Zawadi alilishona siku niliyofika. Kati ya kibaraza na sebule palikuwa na choo. Kuta za choo kile zilikuwa za ubao mwembamba kiasi kwamba niliweza kumsikia Baba Zawadi akifungua mkanda, na baada ya hapo nilisikia yaliyofuata, na nikajua kwamba wao pia watanisikia.

Tulipokuwa darasa la tatu mwalimu alituimbisha sifa za viumbe hai tukipiga madawati: hula, hupumua, hukua, husogea, huhisi, huzaana, hutoa taka mwilini. Nilisoma biolojia miaka mingi baada ya hapo, lakini sikuwahi kuutafakari wimbo ule kama nilivyoutafakari nikiwa kwenye godoro la watu. Karibu kila sifa ndani yake ni usumbufu kwa mwenye nyumba. Mgeni hula, na kinachopungua ni cha mwenyeji. Hupumua, na ukuta ni wa ubao. Husogea, na sakafu inalia. Hutoa taka. Nikawaza kwamba vitu visivyo na uhai ndivyo wageni wazuri zaidi, sanduku kwa mfano, au kiti, na nikaanza kujitahidi kuishi kama sanduku. Nililala ubavu ili nisikorome. Nilikwepa ubao uliokuwa ukilia karibu na friji. Kwa yale mengine nilikwenda kituo cha treni. Ndiyo, kila asubuhi nilivaa shati la kupigwa pasi, nikaaga kama mtu anayekwenda kazini, nikashuka ngazi kwa hatua za adabu na kuingia choo cha kituo, kisha ndipo nikaenda maktaba kutuma maombi ya kazi. Jumapili, mlango wa choo cha kituo ulipokuwa umefungwa, nilimaliza barabara zote za Auburn nikitafuta duka kubwa lililo wazi, huku nikitabasamu kwa watu wanaotoka kununua nyama.

Kuhusu chakula nilijiwekea sheria. Nilichota kidogo, nikala polepole ili kionekane kingi, nikasema "Nimeshiba, Mama, asante sana" kabla mtu hajanikaribisha mara ya pili. Kwetu hiyo ni adabu ya kawaida. Mgeni hakataliwi chakula na yeye naye hakimbilii chungu. Nilichokiona kigeni ni namna Mama Zawadi alivyonipa sahani. Kwanza alichukua kijiko, akachota kwenye mchuzi wangu, akaonja akiwa amesimama mbele yangu, akameza, akanitazama, ndipo akaniwekea. Hata chai alinywa funda moja kabla ya kunipa kikombe. Mumewe hakumfanyia hivyo, wala bintiye. Ni mimi peke yangu. Nililifikiria jambo hilo kwa kila upande. Labda anapima chumvi, lakini kwa nini kwenye sahani yangu tu? Labda ananikumbusha kwa upole kwamba chakula hiki ni chake. Jibu hilo liliniumiza, na kwa hiyo nililiamini. Kesho yake nilichota kidogo zaidi, na yeye akaonja kijiko kilichojaa zaidi. Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki, mimi nikipunguza na yeye akionja, kila mmoja akidhani anamtuliza mwenzake.

Suruali zikaanza kunishuka. Mchana nilikula mkate wa Waturuki nikiwa nimesimama kwenye ukuta wa reli, haraka, kama mwizi. Siku moja niliporudi mapema niliwasikia wakiongea jikoni, na nikasimama kwenye ngazi badala ya kuingia.

"Huyu mutoto hakuli," sauti ya Mama Zawadi ilikuwa ya chini. "Kwa nini hakuli?"

"Pengine kwao Tanzania banakula kidogo," akajibu Baba Zawadi.

"Kidogo nini! Inje anakula. Nilimuona pale kwa reli na mukate mukubwa hivi, anakula kama simba. Inje anakula, kwangu hakuli."

"Mumuache. Eko na haya."

"Haya ya mimi?"

Mtu mwingine angeingia akasema, Mama, samahani, nimesikia. Mimi niliposikia "anakula kama simba" nilijua nimekamatwa: wameona kwamba nina tumbo kubwa ninaloficha, na kwamba nina uwezo wa kula mkate mzima. Kuanzia siku hiyo sikula tena kwenye reli. Nilikwenda hadi bustani ya mbali, nikakaa nyuma ya choo cha watoto.

Zawadi alikuwa na miaka tisa. Alielewa kila tulichosema na kujibu kwa Kiingereza, kila neno akilimaliza kwa kulipandisha juu kama swali, na sisi tuliendelea naye kwa Kiswahili bila kuona ajabu. Alasiri moja alirudi na kazi ya shule iliyohusu vitu vyenye uhai na visivyo na uhai, na kwa mara ya kwanza tangu nifike katika nyumba ile nilijisikia mtu wa maana. Nilimfundisha wimbo wetu. Aliupenda, akaupiga juu ya meza mpaka glasi zikaruka. Kisha tukacheza: mmoja anataja kitu, mwingine anakipitisha kwenye sifa zote. Nikamtajia moto. Akasema moto unakula kuni, unahitaji hewa, unakua, unasogea, unazaa moto mwingine, unatoa jivu. Alinitazama kwa hofu. "So it's alive?" Nikamweleza kwamba ndiyo maana hatutegemei sifa moja au mbili, tunazitaka zote pamoja, na pia tunauliza kama hiki kitu kimeundwa kwa seli. Tukapitisha gari la babake, mmea wa mamake uliokuwa dirishani, chachu ya mkate ya Waturuki. Alicheka sana kuhusu chachu, kwamba ile harufu ya asubuhi ni viumbe vinavyopumua. Mwishowe akaniangalia mimi kutoka kichwani hadi miguuni, akitikisa kalamu, na akasema kwa Kiingereza chake kwamba ana mashaka na Anko Gwaki. Nikacheka. Sikufikiri zaidi ya hapo, mimi ambaye hufikiri zaidi ya hapo kuhusu kila kitu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa zamu yao kupokea watu wa kikundi cha sala. Sebule ilijaa. Waliimba, wakaomba, kisha sahani zikaja: bugali, ambao ni ugali wetu, sombe ya kisamvu kilichopondwa na kupikwa kwa mawese, dagaa wa kukaanga wanaowaita ndakala, maharage. Kwenye kochi refu alikaa Mama Bahati, mwanamke mnene mwenye sauti, aliyeishi kambi moja ya wakimbizi na wenyeji wangu kabla wote hawajaletwa Australia. Ni yeye aliyeongoza mazungumzo, na ni yeye aliyemwuliza Zawadi shule inaendaje. Zawadi akafurahi kupata hadhira. Akasimama katikati ya zulia, akaimba wimbo wa sifa saba kwa Kiswahili chote, watu wakapiga makofi, akaanza kuwapima wageni mmoja mmoja. Pasta mzee anakula, anapumua, ana watoto, ana uhai. Mama Bahati anakula sana, ana uhai sana. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa pembeni na sahani yangu ya adabu, na kwa mara hiyo moja akasema kwa Kiswahili, labda kwa sababu wimbo ulikuwa bado mdomoni: "Anko Gwaki hana uhai. Hakuli chakula ya Mama. Na haendangi choo."

Hakuna aliyecheka. Mama Bahati alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani taratibu, akapangusa vidole kwa karatasi, kimoja kimoja. "Hakuli?" akauliza. "Hata kidogo?" Mama Zawadi alikuwa kwenye mlango wa jikoni ameshika sufuria ya pili ya sombe, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mzee mmoja akakumbuka kwamba ana safari. Mwingine akafunika chakula chake kwa karatasi na kusema tumbo lake siku hizi halitaki mawese. Nami nilikaa pale nikitamani zulia linimeze, nikiwa na hakika kwamba sebule nzima imenyamaza kwa sababu ya choo. Nilidhani watu ishirini wanawaza ninakwenda wapi. Nikaweka sahani chini, nikaingia kibarazani kwangu, nikafunga pazia. Niliwasikia wakiaga mmoja baada ya mwingine, mapema mno, na nikasikia Mama Zawadi akimwaga chakula, kijiko kikikwangua sufuria kwa muda mrefu. Na bado nilidhani ni choo.

Ilikuwa ni Baba Zawadi aliyenieleza. Alifanya kazi ya kuendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala moja huko Ingleburn, akawa ameniombea zamu chache za kupanga maboksi, na Jumatano hiyo tulikwenda pamoja baada ya chakula cha mchana. Ni mtu asiyeongea akiendesha. Tulipofika kwenye barabara kuu akazima redio.

"Gwakisa, nitakuuliza, na usinifiche. Unaogopa chakula ya mama Zawadi?"

"Naogopa? Hapana, Baba."

"Kuna mutu alikuambia kitu juu yake?"

"Kitu gani?"

Akayapita malori mawili. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwao mgeni akikataa chakula cha mtu anasema jambo moja tu, na analisema waziwazi kuliko kwa mdomo: kwamba kuna sumu. Ndiyo maana mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho yako, umwone akimeza, umwone hafi. Na kule kambini mtoto wa jirani alikula kwa mke wake jioni, akaugua, akafa. Yalikuwa maradhi, watoto wengi walikufa msimu ule. Lakini watu walihesabu tonge la mwisho. Kuanzia hapo wanawake walikuja kusuka nywele kwake na kuondoka na njaa. "Tulipanda ndege," akasema, "minafikiri ile neno tumeiacha kule. Mama Bahati alipanda ndege ingine, akaileta. Hakuwa mubaya. Aliogopa tu. Kabla ya weye kufika, batu walianza kusahau. Walianza kukula. Sasa wameona kijana mwenye masomo, analala kwake, na hakuli."

Nilitazama mikono yangu. Nilikumbuka vijiko vyote. Alikuwa akisimama mbele yangu kila jioni, mwanamke anayerudi kutoka kazi yake ya kulisha wazee wa watu kwa kijiko mchana kutwa, akinywa kutoka kikombe changu ili mimi niamini kwamba hataniua, na mimi nikisema nimeshiba.

"Baba," nikasema, "mimi nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kula. Chakula chenu. Na... choo kiko karibu na sebule."

Aligeuka kunitazama kwa muda uliozidi usalama. Nilidhani atacheka, na ningefurahi kama angecheka. "Haya ya kukula," akarudia. "Sasa unaishi namna gani?"

Sikumwomba Mama Zawadi radhi. Nilitunga hotuba nzima nikipanga maboksi, nikaipitia, nikaona kila sentensi inataja neno ambalo yeye alikuwa ametumia nguvu zote lisitajwe ndani ya nyumba ile. Kusema "sikudhani una sumu" ni kuileta sumu mezani. Nilichoweza ni kula. Kwa hiyo nilimwambia tu kwamba nina hamu ya sombe, na kwamba ingefaa awaite tena watu wa sala. Alinitazama muda mrefu. "Batakuya?" akauliza. Nikasema watakuja. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Pasta mzee ndiye aliyewaleta, nadhani baada ya Baba Zawadi kuongea naye.

Wachache walikuja, Mama Bahati akiwa mmoja wao, ameketi kwenye kochi lile lile na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi. Nilinawa mikono wa kwanza. Mama Zawadi aliponiletea sahani na kunyanyua kijiko ili aonje, niliichukua sahani kabla hajachota. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikafinyanga tonge kubwa kuliko mdomo wangu na kuanza. Nilikula mbele yao wote, bila kuongea, nikijua kwamba wananitazama koo, na sahani ilipoisha niliomba nyingine, na hiyo nayo nikaiingia. Kilikuwa chakula kitamu ajabu. Nilikuwa nimekaa miezi mingi ndani ya nyumba ile na sikuwahi kukijua.

Lakini mimi nimesoma biolojia, na ningepaswa kukumbuka kinachompata mtu aliyejinyima akishindilia mawese kwa ghafla. Ilianza kama kamba inayokazwa chini ya kitovu. Nilimeza mate, nikaendelea. Jasho likatoka usoni. Nikaona Mama Bahati ameinama mbele. Nikafikiria kituo cha treni, ngazi, barabara, na tumbo langu likanijibu kwamba hakuna ngazi. Nilisimama nikiwa nimeshika ukuta, nikaweka sahani ya pili mezani ikiwa nusu, na nikaingia choo kile kile cha ubao, hatua chache kutoka kwenye magoti ya Pasta.

Sitaeleza. Itoshe kwamba miezi yote ya adabu iliondoka kwa pamoja, na kwamba sebuleni hapakuwa na sauti hata moja ya kunifunika. Hata televisheni walikuwa wameizima kwa ajili ya sala. Nilikaa mle nikiwa nimeziba uso kwa viganja, na kilichonitisha zaidi ya kelele ni kwamba nilijua wanachowaza. Amekula, na tazama. Nilikuwa nimekuja kulisafisha jina lake na nimelizika. Kisha kupitia ubao nikasikia kiti kikivutwa. Nikasikia maji yakimwagwa, mtu ananawa. Nikasikia sahani ikisogezwa mezani.

Nilipotoka, nilimkuta Mama Zawadi amekaa mahali pangu. Alikuwa anakula sahani yangu, ile nusu niliyoiacha, kwa vidole vilivyopita humo humo vilimopita vyangu. Hakumtazama mtu. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, akapangusa mchuzi wote kwa kipande cha mwisho cha bugali, akalamba kidole gumba, akakaa wima na kuweka mikono mezani mbele yetu. Alikaa hivyo. Sijawahi kumwona mtu amekaa namna ile. Sikujua pa kuweka mwili wangu, nikabaki nimesimama mlangoni mwa choo ambacho maji yake yalikuwa bado yananguruma.

Ni Zawadi aliyesema kwanza. Aliangalia choo, akaniangalia mimi, akahesabu kitu kwenye vidole, na akatangaza kwa furaha kubwa: "Anko Gwaki ana uhai!"

Mama Bahati alianza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu anayeshindwa kujizuia kanisani, mkoba ukaanguka. "Eeh, ana uhai!" akapiga paja. "Batu wote tumesikia! Bado kuzaa tu, mutafutieni bibi!" Pasta akaficha uso kwenye leso. Walinicheka mpaka wakashikana, nami nikiwa nimesimama pale, shati limenata mgongoni, nikitamani kufa kwa namna ambayo hakuna mtu angelaumiwa. Na katikati ya kicheko hicho, akiwa bado anafuta macho, Mama Bahati alinyoosha mkono wake wenye sahani tupu kuelekea meza. Mama Zawadi aliiona sahani ile. Alisimama, akachota, na akachukua kijiko ili aonje, kama kawaida yake.

"Acha," akasema Mama Bahati. "Lete tu."

Siyo wote waliorudi. Familia moja haikukanyaga tena pale, na sijui kama ni kwa sababu ya chakula au ya kitu kingine, ingawa nimelifikiria sana. Niliishi mle mpaka nilipopata kazi ya maabara. Nilinenepa. Niliendelea kuona haya kila nilipovuta maji ya choo, lakini nilivuta.

Njia ya Mama Zawadi ilifunguka siku mbili baada ya ule ukalimani wangu. Alinipigia simu kazini kunipa habari hiyo kwa neno lenyewe, kwa sauti, na nikamsikia mgonjwa wa kitanda cha pili akiuliza kuna nini. Daktari aliruhusu vitu laini. Nilikoroga uji wa muhogo nyumbani, nikautia kwenye chupa ya chai, nikapanda treni. Nilimkuta amekaa, kilemba kimefungwa vizuri, sahani ya hospitali mbele yake haijaguswa. Alisema wamempa kitu cha njano kinachotetemeka. Nilimimina uji kwenye bakuli, na yeye akanyoosha mkono kuupokea, na mimi sikumpa. Nilichukua kijiko. Nikachota, nikasimama mbele yake na kitambulisho changu shingoni, nikanywa, nikameza, nikamtazama.

Macho yake yalikuwa kwenye koo langu.

Nyuma yangu yule muuguzi alikuwa ameingia. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto, kwamba chakula kile ni cha mgonjwa. Wagonjwa wote wakanitazama, kijiko kikiwa bado mdomoni, na uso ukaniwaka mpaka shingoni. Nilijua maneno yote ya Kiingereza ambayo yangeeleza, na sikuyasema. Nikampa Mama Zawadi bakuli.

Alikunywa kidogo, akakunja uso. "Gwakisa," akasema, "chumvi hii itaniua." Akanywa tena.